Chandarua nyumbani, dungu shambani: kaya ya wakulima ijipange vipi na malaria?

Jaruba_la_Tatu

Wakuu, naomba mawazo ya wanaolijua jambo hili kwa undani. Ushauri wa kwenye mabango, "lala ndani ya chandarua", haujibu maswali niliyonayo.

Chukueni mfano wa kaya ya wakulima wa mpunga na mboga, watu saba. Baba, mama na mtoto wa miezi minane wanalala kitanda cha futi 4 kwa 6. Watoto watatu wanalala mkekani, katika chumba ambacho ndicho stoo ya magunia. Bibi ana chumba chake. Vyandarua ni vitatu, vya mstatili, vyenye dawa, sentimita 190 kwa 180, kimo 150. Ukitazama haraka mambo yako sawa, kila malazi yana chandarua chake. Ila kuna haya:

Mpunga ukitoa masuke, baba na mtoto mkubwa wanahamia dunguni, yaani kwenye kichanja cha fito cha kulindia shamba, wiki tano au sita, mchana kuamia ndege, usiku kulinda shamba dhidi ya nguruwe. Ama wanaondoka bila chandarua, ama wanabeba kile cha watoto.

Vyandarua vinachanika sehemu ya chini kabla ya mwaka, wakati vinatajwa kudumu miaka mitatu.

Mbu wanaonekana wametua kwenye chandarua wakiwa hai, watu wanasema dawa imekwisha. Wapo wanaochovya chandarua kwenye dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita.

Na homa zinapanda wakati wa mavuno, siyo wakati wa kupandikiza ambapo mbu ni wengi kupindukia. Kwa nini?

---

Kinga_Kwanza

Jaruba, kasoro iko kwenye hesabu. Umehesabu malazi ya nyumbani. Hesabu mahali pote watu hawa wanapolala kwa mwaka mzima, utapata manne: kitanda cha wazazi, mkeka, kitanda cha bibi, na dungu. Hata kanuni ya kawaida ya chandarua kimoja kwa watu wawili, kwa watu saba inaleta vinne. Cha nne ndicho cha shambani, na kiwe cha shambani moja kwa moja, siyo cha kuazimwa.

Kama cha nne hakijapatikana msimu huu, kabla ya kung'oa chandarua popote hamisha watu. Watoto wawili wanaobaki walale na bibi, ndipo chandarua cha mkekani kiende dunguni. Kosa linalofanyika ni kukichukua usiku wa kwanza na kuwaacha watoto palepale wazi, kwa kuwa "ni wiki chache tu".

Sasa ufungaji, maana vingi vinafungwa juu mno. Chandarua cha kimo 150 ukikitoa sentimita 35 hadi 40 za kuchomeka chini ya godoro, unabakiwa na 110 au 115. Hiyo ndiyo nafasi kati ya godoro na paa la chandarua. Watu wanakaza kamba mpaka kwenye boriti ili kiwe kama chumba, pindo linaishia usawa wa godoro, halichomekeki, na usiku mtoto anatoa mguu. Kamba ziongezwe urefu, chandarua kishuke.

Mkekani tatizo ni jingine. Watoto watatu wakijaza mkeka mzima, wa pembeni wanalala wameegemea wavu, na mbu anauma kupitia matundu bila shida. Mkeka uwe mpana kama chandarua chenyewe, matandiko yawe katikati, yaache sentimita 20 hadi 25 kila upande. Pindo lipite chini ya mkeka pande zote nne.

Dunguni watu wanakosea kwenye sakafu. Dungu ni fito, na kati ya fito kuna mianya. Unaweza kufunga chandarua vizuri kabisa na mbu wakakutokea chini. Tandaza turubai au mkeka mzito juu ya fito kwanza, kisha pindo lichomekwe chini yake. Nguzo nne za pembeni zipande walau sentimita 120 juu ya sakafu ya dungu ili zishike kamba, na mahali chandarua kinapogusana na nguzo pazungushiwe kipande cha gunia, la sivyo upepo utakisugua mpaka kitoboke. Asubuhi kishushwe, kikunjwe, kiwekwe mfukoni. Jua la mchana linaharibu dawa na linadhoofisha nyuzi.

Chandarua kipya kitandazwe kivulini saa 24 kabla ya kulalia. Baadhi ya dawa zake huwasha uso na macho siku za mwanzo, na mtu akiwashwa usiku wa kwanza hakirudii tena.

Kuhusu saa: mbu wengi wa malaria wanauma kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, lakini wapo wanaoanza jioni tu, nje, na hao chandarua hakiwazuii. Dunguni mnalinda kwa zamu. Aliyelala awe ndani ya chandarua. Aliye macho avae mikono mirefu na suruali, ajipake dawa ya kufukuza mbu sehemu zilizo wazi, miguu na vifundo hasa. Moshi wa moto unapunguza usumbufu, lakini usiuhesabu kuwa kinga.

---

Cherehani

Nijibu hili la kuchanika. Miaka mitatu ni makadirio, pamoja na yale ya mafuo 20, yaani kwamba dawa inastahimili kufuliwa mara 20. Makadirio hayo hayajui kuwa chumba ni stoo ya magunia.

Sababu ninazoziona zikijirudia kwenye vyandarua vya wakulima: pindo linachomekwa na kuchomolewa kwenye kitanda chenye misumari na mbao zisizopigwa randa, chandarua kinaachwa kimeshuka mchana kutwa, watu wanapita na jembe na magunia, panya wanaofuata nafaka wanatafuna chandarua kikiwa na harufu ya chakula, na koroboi karibu na wavu, ambayo inaacha tundu lenye kingo ngumu.

Asubuhi kunja upande mmoja mmoja kwenda juu, usokote, ufunge fundo legevu usawa wa kichwa. Ni kazi ya dakika moja na ndiyo inayoongeza umri wa chandarua kuliko mambo yote nitakayosema hapa. Piga msasa mbao au zungushia kitambaa. Magunia yahamie upande usio na malazi, juu ya chaga.

Pindo likianza kulika, shona utepe wa kitambaa chepesi cha pamba kuzunguka chini, upana sentimita 25 hadi 30. Kitambaa hicho hakina dawa, na hakihitaji, maana kinakaa chini ya godoro. Kinachosuguliwa sasa ni kitambaa, wavu unapona.

Matundu yapangwe kwa ukubwa. Kuna kipimo cha kitaalamu kinachotumika kutathmini vyandarua, na ni rahisi kukifanya nyumbani:

– dogo kama kidole gumba (sentimita 0.5 hadi 2): alama 1
– linalozidi kidole gumba mpaka ngumi (2 hadi 10): alama 23
– linalozidi ngumi mpaka kichwa (10 hadi 25): alama 196
– kubwa kuliko kichwa: alama 576

Jumlisha. Mpaka 64, kiko vizuri. Kuanzia 65 hadi 642, kimechakaa ila kinafaa, kishonwe. Zaidi ya hapo tafuta kingine. Ona jinsi alama zinavyoruka: matundu 20 ya kidole gumba ni alama 20 tu, lakini tundu moja la kichwa na moja linalozidi kichwa ni 772, chandarua kimekwisha. Kwa hiyo anza na makubwa. Watu wanapoteza jioni nzima wakiziba vidogo.

Kushona: tundu la ngumi usilivute na kulifunga kwa fundo moja, wavu unakaza na kupasuka pembeni. Weka kiraka kilichokatwa kwenye chandarua kikuukuu, kizidi tundu sentimita 3 kila upande, pitisha bandi kuzunguka kwa uzi wa poliesta, kisha rudia mzunguko wa pili. Mchaniko mrefu ulio wima unashonwa ukingo kwa ukingo tu.

Kufua: maji baridi, sabuni ya mche au ya kawaida isiyo kali, bila kusugua kwenye jiwe. Sabuni ya unga na dawa ya madoa hazifai. Anika kivulini. Isizidi mara moja kwa miezi mitatu. Mafuo 20 kwa mpigo huo yanakwenda miaka mitano, lakini ukifua kila wiki mbili umeyamaliza kabla ya mwaka. Maji ya kufulia yamwagwe kwenye choo cha shimo au ardhi kavu, siyo mferejini, dawa hizi zinaua samaki.

---

Jaruba_la_Tatu

Cherehani, hilo la alama nimelipenda, nimejaribu kichwani kwa chandarua cha watoto na tayari kimepita 700. Je, kikishapita kiwango ndiyo kitupwe?

Na bado sijapata jibu la mbu wanaotua bila kufa.

---

Kinyunyizi

Mbu kutua akiwa hai kuna maana zaidi ya moja, tutofautishe.

Dawa za vyandarua vya kawaida (permethrini, deltamethrini, alfa-saipamethrini) zote ni za jamii moja, pairethroidi, zilizoundwa kwa kufuata sumu ya ua la pareto. Shambani, dawa nyingi za wadudu kwenye pamba na mboga ni za jamii hiyohiyo: saipamethrini, lambda-sihalothrini. Ukinyunyizia nyanya karibu na mfereji, kiasi fulani kinaingia majini walimo viluwiluwi. Wanaonusurika ndio wanaozaa. Baada ya vizazi kadhaa una mbu sugu, wanaotua kwenye chandarua na kuondoka. Hii ni sababu mojawapo, siyo pekee, maana vyandarua vyenyewe navyo vinachuja mbu sugu.

Ndiyo maana vipo vyandarua vilivyoongezwa kitu cha pili. Kimoja kina PBO, ambayo peke yake haiui ila inazuia vimeng'enya ambavyo mbu anatumia kuvunja sumu. Kingine kina klofenapiri, ambayo inafanya kazi kwa njia tofauti kabisa, inamnyima mbu nguvu ndani ya seli. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vya klofenapiri mwaka 2023 badala ya vile vya pairethroidi peke yake, kwa maeneo yenye usugu. Sasa sikilizeni: klofenapiri inaua polepole, mbu anaweza kufa hadi saa 72 baada ya kugusa. Mwenye nyumba anamwona hai asubuhi anasema chandarua ni feki, na huyo mbu anakwenda kufia nje. Someni lebo iliyoshonwa pembeni kabla ya kuhukumu.

Hata chandarua ambacho dawa imefifia bado ni ukuta, ili mradi hakina matundu. Dawa inasaidia palipo na tundu. Penye wavu mzima na pindo lililochomekwa, mbu sugu naye hapiti.

Kuchovya kwenye dawa ya pamba: hapana, na sababu siyo ukali wa bei wala sheria. Dawa ya shamba ya maji imeyeyushwa kwenye viyeyushi vya aina ya zailini, vinavyopenya ngozi na kuumiza mapafu. Haikutengenezwa kushika kwenye uzi, kwa hiyo inapukutika kwenye shuka na midomo ya watoto, na inaisha baada ya mfuo mmoja. Kipimo chake ni cha ekari, siyo cha kitambaa. Tena chupa iliyobaki mara nyingi haina lebo, na ikiwa ni jamii ya oganofosifeti unamlaza mtoto wa miezi minane ndani ya sumu ya mishipa ya fahamu. Chandarua kilichokwisha kuchovywa kiondolewe, hakisafishiki kwa kufua.

Shambani nyunyizia asubuhi mapema au jioni upepo ukitulia, acha ukanda usionyunyiziwa kando ya maji, usioshe bomba mferejini, na badilisha jamii ya dawa, siyo jina la chupa tu. Wengi wanabadilisha chupa tatu zote za pairethroidi na kudhani wamezungusha.

---

Mferejini

Nichangie upande wa majaruba, kwa kifupi.

Yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 14, kutegemea joto. Jaruba lenye maji yaliyotulia na jua linaingia ndilo mazalia, na wingi mkubwa unakuwa wiki za mwanzo baada ya kupandikiza, kabla majani hayajafunga. Mpunga ukishafunga, mbu hawa wapenda jua wanapungua.

Kwa hiyo sawazisha jaruba vizuri wakati wa kuchavanga, yaani kuvuruga udongo na maji kabla ya kupandikiza. Jaruba lenye mabonde linapokaushwa linabakiza vidimbwi na nyayo zilizojaa maji, na viluwiluwi wanajikusanya humo wakisubiri. Kumwagilia kwa kukausha na kujaza, kama inavyofanyika kwenye kilimo shadidi cha mpunga, kile cha maji kidogo, kunaanza kama wiki mbili baada ya kupandikiza. Zika bomba lililotobolewa, urefu wa sentimita 30, nusu ikiwa ardhini. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, jaza tena hadi 5 juu. Kuanzia wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baadaye usikaushe, mpunga utatoa mapepe.

Njia hii inapunguza viluwiluwi wakubwa. Wadogo haiwapunguzii sana, kwa kuwa maji yakirudi mbu anataga upya. Na ikifanywa na mkulima mmoja katikati ya skimu nzima iliyojaa maji, faida yake ni kuokoa maji tu. Kikundi kinachotumia mfereji mmoja kikubaliane siku za kufunga. Mifereji iliyoota majani isafishwe siku hizohizo.

Jambo linalosahaulika: mbolea ya salfeti ya amonia imeonekana kuongeza viluwiluwi kwenye majaruba. Hakuna anayesema usiweke mbolea. Jua tu kwamba siku za baada ya kuiweka ndizo za kukagua maji.

---

Nesi_wa_Zamu

Swali la homa za mavuno nadhani limepitwa. Dalili hutokea kwa kawaida siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea. Mtu anayeugua anapokata mpunga aliumwa wiki mbili nyuma, na wiki mbili nyuma alikuwa dunguni. Wakati wa kupandikiza mbu ni wengi lakini watu wanarudi kulala nyumbani. Sisemi ndiyo sababu yote, ila kwa kaya uliyoieleza ningeanzia hapo.

Homa yoyote ipimwe ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka cha kidoleni kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo mwambieni mhudumu kama mgonjwa ametoka kumaliza dozi. Dawa mseto ya artemeta na lumefantrini ni dozi 6 kwa siku 3: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, nyingine kila saa 12. Inywewe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, tumbo tupu linaichukua kidogo. Akitapika ndani ya saa moja, arudie dozi hiyo na aende kuongezewa kidonge kilichopungua. Wakulima wengi wanaacha siku ya pili homa ikishuka ili warudi shambani, na vidonge vinawekwa akiba. Usiwe na akiba ya vidonge vinne. Degedege, kushindwa kunywa, kupumua kwa shida, kupauka sana, mkojo mweusi: hapo usisubiri kipimo kijijini, ni hospitali.

Na kwa wanaonyunyizia dawa: kichwa kuuma, kutapika na kulegea jioni ya siku ya kunyunyizia, bila homa, huku mate na jasho vikimtoka na mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, hiyo siyo malaria. Ni sumu. Mvue nguo, muoshe kwa maji na sabuni, mpeleke na chupa ya dawa yenyewe. Wanaopewa dawa ya malaria kwa dalili hizi wanapotezewa muda.

Mama akiwa mjamzito, SP, dawa ya kumkinga na malaria, inaanza mwezi wa nne wa ujauzito, kila dozi ikipishana na nyingine walau mwezi, zisipungue tatu. Anayetumia kotrimoksazoli (antibiotiki ya kinga) kila siku hapewi SP. Asidi ya foliki iwe ile ya miligramu 0.4, siyo ya 5, ya 5 inapunguza nguvu ya SP. Kwa yule wa miezi minane, ulizeni kliniki kuhusu chanjo ya malaria kama imefika kwenu: ni dozi nne, na ya kwanza huanza karibu na miezi mitano, kwa hiyo umri bado unaruhusu.

---

Cherehani

Jaruba, kuhusu kile kilichopita 700: kisitupwe mpaka kipya kiwe kimefungwa na mtu amelala ndani yake. Chandarua kibovu ni bora kuliko kukosa. Kipya kikija, kata sehemu za juu za kikuukuu, ndizo huwa nzima, uziweke kuwa viraka. Kilichobaki kisifungiwe chakula, kisivuliwe samaki, kisichomwe. Kizikwe mbali na kisima na mfereji.

Na kabla hujaanza kushona hivyo vingine viwili, pitisha kiganja kwenye mbao za kitanda upande wa chini. Msumari utaupata.